Gego la Baba, Gego la Mbwa, na Langu

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimeyaona. Nimevuka kwenda kisiwa cha Rukuba na kurudi ziwa likiwa limechafuka, boti imejaa samaki mpaka maji yanachungulia ndani, watu wazima wanasali kwa lugha tatu. Nimeuza mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, kwa watu ambao mpaka leo sijui wanayala au wanayafanyia nini, na wamenilipa. Shule niliacha darasa la tano, Butiama, na leo waliomaliza vyuo wanakuja kuniomba kazi, na kazi nawapa. Nyumba yangu ya Kigera, hapa Musoma, ina vigae mpaka stoo. Kwa hiyo mtu akinijia na habari za ajabu huwa namwambia kaa chini, kunywa chai, hiyo yako nilishaiona zamani.

Mbwa ndiye aliyenishangaza. Ila kabla ya mbwa niseme kwanza habari ya chai, maana ndiyo iliyoanza.

Nilipokuwa mdogo, sukari kwetu ilikaa kwenye kopo darini. Ilishushwa akija mgeni. Mgeni akiondoka, sisi watoto tunagombania kikombe chake, tunalamba pale chini palipobaki chembe. Nikajiapia kwamba siku nikipata changu, hakuna mtu atakayenipimia sukari. Nikapata changu. Zaidi ya miaka ishirini nimekunywa chai ya vijiko sita, kikombe kikubwa, mara nne kwa siku, na soda katikati. Mama lishe wa sokoni Musoma akiniona nakuja, anatanguliza bakuli zima la sukari mezani kwangu, na hakuna aliyethubutu kulisogeza. Lile bakuli lilinipa raha kuliko hata gari. Mswaki nilikuwaga napiga, sikatai. Jumapili na siku ya safari.

Gego la chini, upande wa kushoto, lilianza kutoboka mwaka juzi. Mwanzoni lilikuwa linauma nikinywa kitu cha baridi, nikaacha vya baridi. Likaanza kuuma nikinywa cha moto, nikaacha chai ipoe. Nikahamia kutafuna upande wa kulia. Nikaweka karafuu. Nikanunua vidonge vya maumivu, nikavificha kwenye gari chini ya kiti kama mtu anayeficha bangi. Nikaacha kucheka, kwa sababu ukicheka upepo unaingia. Na hapo nilipata faida, maana wanunuzi waliniona nimenuna, wakadhani nimekasirikia bei zao, wakaongeza. Kwa hiyo nikaendelea kununa.

Mke wangu aliniuliza shavu lina nini. Nikamwambia nimelalia vibaya.

Inabidi nieleze kwa nini. Kwetu mwanaume hapepesi macho. Siku ya jando unasimama mbele ya kisu, na watu hawaangalii kisu, wanaangalia macho yako. Ukikunja uso tu, wewe na ukoo wako mtatungiwa nyimbo, na nyimbo hizo zitaimbwa harusini kwako, na harusini kwa mtoto wako. Mimi nilisimama. Nilitazama mti wa mbali, sikupepesa, baba akapiga ukelele wa furaha ambao sikuwahi kumsikia akiupiga tena. Basi kuanzia siku ile kuumwa ni kitu ambacho unakifanya peke yako, kama kwenda msalani.

Miezi michache baada ya jando, baba alinifungulia mdomo wake.

Baba yangu alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho mwisho kuchongwa meno ya mbele kwa desturi ya kwetu. Yalikuwa mazuri, makali, na akicheka yalionekana kwanza kabla ya uso. Mwaka ule alikuwa ameacha kucheka. Kila mchana, jua likiwa katikati, alikuwa anakwenda nyuma ya zizi kwenye jiwe kubwa, analala chini upande wenye kivuli, shavu la kushoto amelibandika kwenye jiwe. Sisi tulifikiri anapumzika. Jiwe upande ule lilikuwa la baridi hata mwezi wa pili.

Mchana mmoja akaniita. Akasema, "Wewe sasa ni mtu mzima. Chuchumaa hapa, uangalie." Akafungua mdomo. Kwanza ilitoka harufu, nikajikaza nisirudi nyuma. Kisha nikaona. Gego lilikuwa limebaki ganda, jeusi, na pembeni ufizi umevimba kama tumbo la kupe, unatoa usaha.

Akafunga mdomo. "Umeona nini?"

"Limeoza, baba. Kuna usaha."

Akanitazama muda mrefu. "Nimekuuliza umeona nini."

Nikaelewa. "Sijaona kitu."

"Haya. Na mama yako naye hajaona kitu."

Akachukua ugoro kidogo, akaushindilia kwenye lile tundu, akarudisha shavu kwenye jiwe. Nami niliondoka pale nimejaa kiburi kama mtu aliyepewa ng'ombe wake wa kwanza. Baba ana siri, na siri amenipa mimi, hakumpa kaka yangu. Niliitunza vizuri sana. Sijawahi kutunza mali ya mtu vile.

Wiki ya pili uvimbe ulishuka kutoka kwenye taya ukaingia shingoni. Akashindwa kumeza hata maji. Tukapata gari la mizigo, tukamlaza nyuma juu ya majani ya migomba, kichwa chake kwenye mapaja yangu, kuelekea Musoma. Hatukufika. Alikuwa anavuta pumzi kwa sauti, halafu ile sauti ikakatika, na gari likaendelea kwenda kwa sababu dereva hakujua, na mimi sikugonga bodi asimame. Sijui kwa nini sikugonga. Nilikuwa nangoja aniambie nigonge.

Msibani watu walisema amerogwa. Nilikuwepo wakisema, na jina la mtu wakalitaja. Nikanyamaza, maana niliambiwa sijaona kitu.

Hiyo habari niliifungia. Nilikuja mjini, nikabeba samaki kwa kichwa, nikanunua wangu, nikanunua boti, nikajenga. Miaka zaidi ya thelathini baba alitulia alipolazwa. Lilipoanza gego langu, akarudi.

Alikuwa anakuja mchana. Saa saba vibarua wakienda kula, ninabaki peke yangu stoo kati ya magunia ya dagaa, upepo wa ziwa umekata, mabati yanalialia kwa joto. Hapo ndipo nilipokuwa nasikia mtu ananyonya jino. Fyonz. Anatulia. Fyonz. Vilevile alivyokuwa akifanya baba akiwa jiweni. Nilizunguka magunia nikitazama nyuma ya kila safu. Hakuna mtu. Siku nyingine ilikuja harufu, na mimi harufu ya dagaa naijua, mzima na aliyeoza, hata ukinifunga macho nitakwambia ni wa juzi au wa wiki iliyopita. Ile haikuwa ya dagaa.

Mara ya tatu nilisimama kimya nisikie vizuri inakotoka, nikagundua ni ulimi wangu. Ni mimi nilikuwa nanyonya lile gego bila kujua. Mtu atasema basi nilipona hofu. Hapana. Mzimu ukiwa nyuma ya magunia, unahama stoo. Ukiwa mdomoni mwako utahamia wapi? Kuanzia siku hiyo nikawa nanyoa ndevu bila kioo, kwa sababu kwenye kioo shavu la kushoto halikuwa langu.

Sasa mbwa.

Mbwa wangu nilimnunua Bunda akiwa wa kukaa kwenye kiganja. Ni mbwa mkubwa, mwekundu, kifua kama cha ndama. Nilimlea kama ninavyojilea mimi mwenyewe. Asubuhi anapata chai ya maziwa yenye sukari, na maandazi mawili yamelowekwa humo. Mchana mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki kiwandani, na ugali. Watu walicheka, wakasema mbwa wa fulani anakunywa chai wakati majirani wanakunywa rangi tupu. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa napenda wanavyosema.

Alipofika mwaka wa saba akawa mkali kuliko wote mtaani. Alikuwa anaunguruma ukimkaribia, ukiinua mkono, ukipita na ndoo. Nikajisifu kwa kila mtu kwamba nina mbwa ambaye hata mimi mwenyewe naomba ruhusa kuingia kwangu. Mpaka Jumanne moja mke wangu alipomwekea bakuli lake, akamgusa kichwani kama anavyofanya siku zote, mkono ukateleza ukagusa taya. Mbwa akamng'ata. Matundu matatu kwenye kiganja. Mbwa alikuwa na chanjo zake, lakini mke wangu alichomwa sindano hata hivyo, na aliporudi nyumbani hakukaa.

"Mzee," akasema amesimama, mkono umefungwa bendeji, "chagua. Mbwa au mimi."

"Usiniulize maswali ambayo majibu unayo."

"Ningekuwa nayo nisingeuliza. Mbwa anakunywa chai kabla yangu."

Nikaongea na mtu mmoja mwenye bunduki aje Jumamosi ammalize, na nikamwambia aje wakati mimi sipo.

Ijumaa asubuhi nilitoka nje na kikombe changu cha chai iliyopoa. Chini ya tangi la maji kuna msingi wa saruji, na tangi linavujaga kidogo, kwa hiyo saruji ya pale ina baridi. Mbwa alikuwa amelala pale. Alikuwa ameubandika uso kwenye saruji, shavu la kushoto, macho yamefumba nusu.

Kikombe kilinitoka mkononi. Sijui kama nilipiga kelele. Nakumbuka tu kwamba nilichuchumaa palepale, kwa namna ileile niliyochuchumaa nina miaka kumi na minne, na nikasema kwa kikwetu, "Baba." Nikamwita mbwa baba. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na anayetaka kucheka acheke.

Nikamletea andazi. Alilichukua taratibu, akalihamishia upande wa kulia, akatafuna kwa upande huo tu, na vipande vikawa vinamdondoka. Mimi ndivyo ninavyokula. Ndivyo nilivyokula jana yake, mbele ya watu, na hakuna aliyejua.

Nikampigia yule dada daktari wa mifugo wa Bunda aliyekuwa akimchanja. Alifika mchana na begi lake. Ni binti mdogo wa umri wa wanangu, mwembamba, ila ana mdomo. Akamfunga mbwa kamba mdomoni na miguuni, akamchoma sindano ya kumlaza, akaniambia nishike kichwa. Mbwa alipolegea akafungua kamba, akainua mdomo wa juu kwa kidole.

Ile harufu ikatoka.

"Unaona?" akasema. "Hili limepasuka, limeoza mpaka kwenye mzizi. Na hili la pembeni. Mzee, huyu hajawa mkali. Huyu anaumwa, labda mwaka mzima."

"Mwaka? Mbona hakulia?"

"Mbwa haliagi jino. Akilia porini wenzake wanamwona mnyonge. Anakaa nalo tu, mpaka mtu amguse."

Alikuwa anaongea habari ya mbwa.

Aliyang'oa mawili, akakwangua ukoko uliobaki kwenye mengine, na huku anafanya kazi ananihubiria. Chai ya sukari iishe leo. Mapanki makavu magumu yaishe, yanapasua meno. Kila wiki nimfungue mdomo niangalie, nimzoeshe mswaki laini kidogo kidogo, ila nisimtilie dawa ya meno ya watu, inaweza kumdhuru. Mara moja kwa mwaka aletewe mtu anayejua amtazame vizuri. Nikamwambia kwetu hakuna mtu aliyewahi kumpigia mbwa mswaki tangu dunia iumbwe.

"Ndiyo maana wanawang'ata," akasema. Kisha akavua glovu akanitazama usoni. "Na wewe fungua mdomo."

"Mimi si mbwa."

"Mbwa amekubali nimfunge kamba. Wewe nikufunge?"

"Binti, heshima."

"Heshima ipo, mzee. Nimekaa karibu na wewe nusu saa. Nilidhani harufu yote ni ya mbwa. Nimeshamsafisha mbwa, na bado ipo."

Nilimpigia yule mwenye bunduki nikamwambia asije. Hilo lilikuwa jepesi. Kwangu mwenyewe nikasema nitakwenda wiki ijayo, mzigo ukishuka. Shavu usiku ule lilipanda moto mpaka kwenye sikio, na asubuhi nilipomeza mate nilisikia kitu kimesogea chini ya taya, kinaelekea shingoni. Njia yake nilikuwa naijua. Niliwahi kuishika kwenye mapaja yangu.

Jumapili, badala ya kwenda hospitali nikaendesha gari kwenda Butiama kwa mama. Nadhani nilikwenda kuaga. Sikuwa nimemwambia mtu hivyo, ila nilichukua hati ya kiwanja nikaiweka kwenye gari.

Mama ana miaka sabini na kitu, na meno yake yamepungua mawili tu. Kila asubuhi, tangu namkumbuka, anakata kijiti, anakitafuna ncha mpaka kinakuwa brashi, anasugua moja baada ya jingine bila haraka, kisha anasukutua kwa maji ya chumvi. Alinipigia kelele utoto mzima nifanye hivyo. Nilimkuta uani anapepeta ulezi. Nikakaa kwenye kigoda, upande upepo unakokwenda, harufu isimfikie.

"Mama, baba alikuwa na jino."

Hakuacha kupepeta. "Alikuwa nalo."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, nitakosaje kujua? Harufu ilikuwa inanigeuzia ukutani."

"Na hukusema."

"Niseme kwa nani? Mwanamke atoke akatangaze kwamba mumewe analia jino? Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe. Nilisema kesho atasema." Akaweka ungo chini. "Na wewe ulijuaje?"

Nikamweleza. Jiwe, mdomo, umeona nini, sijaona kitu. Ilinichukua muda, kwa sababu shavu lilikuwa linanibana na kwa sababu nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe tulikuwa watatu," akasema. "Nyumba moja, watatu tunajua, na kila mtu anamficha mwenzake."

Halafu akanyoosha mkono, akanishika kidevu akanigeuzia uso kwenye jua, kama mtoto. Mama yangu ananiitaga baba, kwa sababu nilipewa jina la baba yake, na siku zote nimezoea. Siku ile sikuzoea.

"Baba," akasema, "tangu umeingia uani naisikia."

"Kesho nitakwenda, mama."

"Yeye pia ilikuwa kesho."

"Kesho kweli."

"Sawa. Mimi mara moja nilinyamaza, mara ya pili sinyamazi. Usipokwenda kesho asubuhi, Jumapili ijayo nasimama kanisani baada ya matangazo, nasema mwanangu tajiri wa Musoma anaogopa kung'oa jino. Halafu nakaa."

Angesema. Namjua.

Jumatatu saa mbili nilikuwa kwa daktari wa meno mjini. Ni kijana mtulivu, mikono myepesi. Alitazama mdomoni, akabonyeza chini ya taya kwa nje, uso wake ukabadilika kidogo, akamwambia nesi alete vitu sasa hivi. Kisha akaniambia, "Mzee, pana usaha mwingi, ganzi inaweza isishike yote. Ukisikia maumivu nyoosha mkono wa kushoto, mimi naacha hapohapo."

"Huu mkono hautanyooka," nikamwambia.

"Wote wananiambiaga hivyo."

Akachoma. Akangoja. Akaingiza koleo. Ganzi haikushika. Maumivu yalikuja kama mtu anavuta taya pamoja na shingo pamoja na jina la ukoo, na mimi nikatafuta kitu cha mbali cha kutazama, kama nilivyofundishwa. Kulikuwa na dari nyeupe na alama ya maji. Nikaikazia macho. Na pale kwenye alama ya maji nikamwona baba kwenye gari, kichwa kwenye mapaja, na mimi nimekaa kimya, mkono wangu uko karibu kabisa na bodi la gari, haugongi.

Nikanyoosha mkono.

Akaacha hapohapo. Hakuna aliyesema kitu. Nesi alikuwa anatafuta glovu nyingine kwenye boksi. Daktari akaongeza ganzi pembeni, tukangoja kama dakika kumi, machozi yananitoka yanaingia masikioni, na sikuyafuta. Aliporudia sikusikia kitu zaidi ya mlio, kama kung'oa kigingi kwenye udongo mkavu.

Akanionyesha gego kwenye kisahani. Mzizini ilining'inia pochi ya usaha, ndogo kuliko punje ya hindi.

"Ungechelewa, hii ingeshuka shingoni, ikakuziba pumzi."

"Ikishuka, mtu anachukua siku ngapi?"

"Inategemea. Wengine siku chache tu. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Akaniambia kuna mengine mawili ya kuziba yakiwa bado madogo. Nirudi wiki ijayo, na baada ya hapo kila miezi sita, hata kama hakuna kinachouma, hasa kama hakuna kinachouma. Mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Akauliza sukari naweka vijiko vingapi. Nikamdanganya, nikasema vinne, akashtuka kwa hivyo vinne.

Nilikwenda dirisha la malipo, pamba mdomoni, laki tano mfukoni, maana niliamka nikijiambia jambo kama hili, lililombeba baba, mtu mzima mwenye ng'ombe na watoto saba, haliwezi kuwa la bei ndogo. Dada wa dirishani akajumlisha kadi, ganzi mara mbili, kung'oa, na dawa za siku saba. Akanitajia. Nikamwomba arudie, akadhani pamba imenizuia kusikia, akainamia kitundu cha kioo akarudia kwa sauti, polepole: shilingi elfu thelathini na moja na mia tano.